Nyumba za Mawe za Lamu na Deni la Kumbukumbu: Tafakuri ya Kimaadili

Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeisoma Al-Inkishafi kwa mara ya kwanza hukwama mapema kwenye neno zidaka. Mwalimu humweleza kwamba zidaka ni vishubaka vilivyotengenezwa kwa chokaa katika ukuta wa ndani wa nyumba ya mawe, safu juu ya safu, ambamo vyombo vya kaure na vitu vingine vya thamani viliwekwa. Mwanafunzi huyaandika maelezo hayo pambizoni, mtihani hupita, na neno humbakia. Ni wachache miongoni mwa wanafunzi hao watakaowahi kusimama mbele ya ukuta wenyewe. Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya kuhifadhi majengo ya kale ya pwani, sisi wa taaluma ya fasihi hatuzungumzi juu ya jambo la jirani. Sehemu ya msamiati tunaoufundisha imejengwa kwa matumbawe na boriti, na ukuta ukianguka, neno nalo hubaki bila makao.

Makala haya hayakusudii kueleza historia ya usanifu wa Waswahili. Kazi hiyo imefanywa na wengine, hasa Usam Ghaidan katika kitabu chake juu ya mji wa Lamu kilichotoka mwaka wa 1975, na James de Vere Allen katika utafiti wake wa mwaka wa 1979 juu ya nyumba ya Mswahili. Swali letu ni la kimaadili. Je, kizazi kilichopo kina wajibu wa kuyahifadhi majengo ya waliotangulia, hata pale ambapo ujenzi mpya unawaletea walio hai manufaa ya kweli? Na kama wajibu huo upo, ni wa nani? Tutadai kwamba wajibu upo, lakini umekuwa ukitwikwa watu wasiostahili kuubeba peke yao. Tutaitumia Al-Inkishafi kuwa mwongozo wetu kwa sababu mbili: kwanza, ni utungo uliolitazama jumba lililoanguka kwa makini yasiyo ya kawaida, na pili, ukisomwa kwa haraka, unaelekea kulipinga wazo lenyewe la uhifadhi.

Hali Ilivyo

Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa mwaka wa 1986, mwaka ule ule ulipotolewa mpango wa uhifadhi ulioandaliwa na Francesco Siravo na Ann Pulver. Mji wa Kale wa Mombasa ulifuata mwaka wa 1990. Mwaka wa 2001 Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka wa 1983, na baadaye ile ya mwaka wa 2006 iliyochukua nafasi yake, ziliwapa wahifadhi uwezo wa kumzuia mwenye nyumba asibomoe wala asibadilishe apendavyo. Kwa upande wa sheria, basi, ulinzi upo.

Lakini nyumba haikai kwa sheria. Nyumba ya Lamu imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vyake, kuanzia msana hadi ndani, ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji na kuyatoa, unapumua. Ukipakwa saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani, na ukuta huanza kuoza huku uso wake ukionekana imara. Anayetaka kuitengeneza nyumba kama inavyostahili humhitaji fundi aijuaye chokaa, huhitaji boriti, na huhitaji subira. Hivyo vyote ni ghali. Mwaka wa 2018 serikali iliposimamisha uvunaji wa miti, amri hiyo iliigusa pia mikoko ya Lamu, na hivyo hifadhi ya msitu ikawa kikwazo kwa hifadhi ya nyumba. Saruji, kwa upande wake, hupatikana dukani siku yoyote.

Juu ya hayo kuna nguvu za ujenzi mpya. Nyingine ni ndogo na za kila siku: ghorofa kuongezwa juu ya ghorofa, daka kugeuzwa duka, nyumba ya familia kuwa nyumba ya wageni. Nyingine ni kubwa. Mradi wa bandari ya Lamu na njia zake za uchukuzi ulizinduliwa mwaka wa 2012, na gati ya kwanza ikafunguliwa mwaka wa 2021. Wenyeji hawakukaa kimya. Wavuvi, wazee na vijana walijiunga wakaenda mahakamani, na mwaka wa 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba mradi ulianzishwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, na kwamba haki zao, ikiwemo haki ya utamaduni, zilikuwa zimekiukwa. Mwaka uliofuata, baraza la mazingira lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa huko, baada ya chama cha wenyeji kuipinga. Inafaa kutambua kwamba katika kesi ya bandari hoja haikuwa juu ya kuta peke yake. Bahari, mikoko, uvuvi na mji vilitetewa kwa pamoja, kama sehemu za maisha mamoja. Tutairudia hoja hii.

Pingamizi la Al-Inkishafi

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliandika utungo wake wakati fahari ya Pate ilikuwa imekwisha kupita. Anausemesha moyo wake. Anauonya usidanganywe na ulimwengu. Na kama ushahidi anautolea majumba ya matajiri wa Pate, yaliyokuwa na taa, vyombo na wageni, na ambayo sasa yamekuwa makao ya ndege na popo. Mafunzo yanaonekana wazi: mali hupita, na aliyeujenga moyo wake juu ya mawe ameujenga juu ya kitu kisichodumu.

Tukiyakubali mafunzo hayo kwa namna hiyo, uhifadhi unageuka kuwa kosa la kimaadili. Gofu ni mwalimu, anayelikarabati anamnyamazisha. Zaidi ya hayo, anayetumia mali nyingi kuirudishia nyumba fahari yake huenda anaurudia ule ule ujinga wa moyo ambao mshairi alikuwa akiukemea. Hili si pingamizi la kubuni. Mtu mcha Mungu anaweza kuuliza kwa unyofu kabisa kwa nini fedha zitumike kwa zidaka ilhali kuna yatima.

Kwa maoni yetu, usomaji huo unaisikia sauti moja ya utungo na kuiacha nyingine. Tuangalie jinsi mshairi anavyolitazama jumba. Haridhiki kusema kwamba limeanguka. Anaingia ndani, anavitaja vitu kwa majina, anajua kila kimoja kilikuwa wapi na kilifanya kazi gani. Mtu anayekidharau kitu hakielezi kwa utaratibu wa namna hiyo. Tena, swali linalomsumbua si mawe yako wapi. Ni watu wako wapi. Kila taswira ya jumba ni taswira ya pengo lililoachwa na binadamu: mahali pa vyombo pasipo na vyombo, mahali pa mazungumzo pasipo na wazungumzaji. Uharibifu wa jumba unakuja baada ya kuondoka kwa watu, hautangulii. Pate haukufa kwa sababu kuta zilianguka. Kuta zilianguka kwa sababu Pate ulikuwa umekwisha kufa.

Ikiwa usomaji huu ni sahihi, basi Al-Inkishafi haiupingi uhifadhi, bali inaupa kipimo. Kuta zilizosafishwa na kupakwa chokaa nyeupe lakini zisizo na wenyeji ndani yake hazijaepukana na hali aliyoieleza mshairi. Zimeifikia kwa njia nyingine, ya gharama zaidi.

Pingamizi la Haki

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na watetezi wa majengo ya kale mara nyingi hulipita kimya. Nyumba hizi zilikuwa za nani? Linda Donley-Reid, katika tafiti zake juu ya nyumba za mawe, ameonyesha kwamba mpangilio wa vyumba ulikuwa pia mpangilio wa mamlaka: nani aruhusiwe kupita tekani, nani akae ndani, nani abaki chini. Zilikuwa nyumba za waungwana, na jamii iliyoziinua ilikuwa jamii yenye watumwa. Mikono iliyobeba mawe na kukoroga chokaa haikuwa, kwa kawaida, ya wale waliopanga kaure katika zidaka. Kwa nini basi mjukuu wa mtumwa atozwe kodi, au azuiwe kujenga, ili kuihifadhi fahari ya waliommiliki babu yake?

Jibu la kwamba majengo ni mazuri halitoshi. Uzuri haujawahi kuwa hoja dhidi ya dhuluma. Jibu tunaloliona kuwa na uzito ni hili: nyumba ni ushahidi wa wote waliopita ndani yake, si wa mwenyewe tu. Mtumwa hakuachiwa nafasi kubwa katika tenzi wala katika hati za nasaba. Lakini chumba cha chini alichokilala bado kipo, na ngazi aliyoipanda na maji bado ipo. Ukiibomoa nyumba ya muungwana kwa jina la haki, umeubomoa pia ushahidi pekee wa yule usiyetaka asahaulike. Hata hivyo, jibu hili lina masharti. Linasimama tu ikiwa nyumba inahifadhiwa pamoja na habari zake zote. Mgeni anayeonyeshwa zidaka na asionyeshwe chumba cha chini ameonyeshwa nusu ya nyumba, na nusu hiyo ni uongo.

Mji wa Lamu wenyewe unatupa mfano wa kufikiria. Msikiti wa Riyadha uko Langoni, si katika mitaa ya Mkomani yenye majumba ya waungwana. Unahusishwa na Habib Swaleh, mwanachuoni aliyetoka Ngazija na kufariki mwaka wa 1935, ambaye aliwafundisha watu ambao waungwana hawakupenda waelimishwe. Ulianza katika hali ya chini na ukaendelea kupanuliwa. Kwa kipimo cha ukale, una mengi yaliyobadilishwa. Kwa kipimo cha Al-Inkishafi, una jambo ambalo majumba mengi ya Mkomani hayana: watu wanaurudia kila mwaka kwa Maulidi, na hakuna anayehitaji sheria ili kuukumbuka. Mtaalamu anayeandika orodha ya majengo yanayostahili kulindwa, akaanza na zidaka na kumalizia na Riyadha, hana budi kujiuliza orodha hiyo ni kumbukumbu ya nani.

Pingamizi la Mrithi

Tumfikirie sasa mtu mmoja, asiye na jina, lakini ambaye yeyote anayeijua pwani atamtambua. Amerithi fungu katika nyumba ya babu yake. Kwa mujibu wa sheria ya mirathi ya Kiislamu, fungu hilo ni moja kati ya mengi. Wenzake wamo Mombasa, Jeddah na kwingineko. Dari linavuja. Boriti mbili zimeliwa na mchwa. Ana watoto wanaohitaji karo. Amejitokeza mnunuzi kutoka ng'ambo, ambaye bei yake itawaridhisha warithi wote. Amejitokeza pia jirani anayemshauri aezue, amwage zege na ajenge vyumba vya kupangisha. Anakwenda ofisini kuomba kibali, na huko anaambiwa kwamba nyumba yake ni urithi wa wanadamu wote.

Mrithi huyo ana haki ya kuuliza: ikiwa ni ya wanadamu wote, mbona dari ni langu peke yangu? Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtalii huiona nyumba kwa siku mbili, mtafiti kwa mwezi mmoja, na mhakiki wa fasihi huenda asiione kabisa. Wote watatu wananufaika na kuwapo kwake, na wote watatu wako tayari kumlaumu mrithi siku atakapoiuza. Yeye ndiye anayelala ndani ya tanbihi zetu, na mvua ikinyesha ni yeye anayehamisha godoro.

Hapa ndipo tunapoona kiini cha suala la maadili. Kumbukumbu, kama kitu kingine chochote cha thamani, ina gharama. Si haki manufaa yake yagawanywe kwa wengi huku gharama yake ikilipwa na mmoja, hasa ikiwa mmoja huyo ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Anayesema nyumba ihifadhiwe amejitia katika deni. Asipolilipa, maneno yake yanabaki matakwa tu, na matakwa yasiyo na gharama kwa anayeyatoa hayawezi kuwa wajibu kwa mwingine.

Wapo watakaojibu kwamba soko limekwisha kulitatua tatizo hili. Wageni wamenunua nyumba Lamu na Shela, wakazikarabati kwa ustadi, na wakawapa kazi mafundi. Haki itendeke: bila fedha hizo, baadhi ya kuta zilizosimama leo zingekuwa kifusi. Lakini nyumba inayofunguliwa kwa wiki chache kila mwaka imeuokoa ukuta na kumpoteza jirani. Wapo pia watakaosema serikali izichukue. Tajiriba ya Unguja inatutahadharisha. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka wa 1883, lilikuwa mali ya umma, tena ndani ya Mji Mkongwe ulioko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka wa 2000. Hata hivyo, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa haumwulizi mwenye nyumba kama ni mtu au ni dola.

Fundi kama Mnakili

Pengine taaluma yetu ina jambo la kuchangia hapa. Sisi tunajua matini hudumu vipi. Al-Inkishafi haikutufikia kwa sababu karatasi ya kwanza ilifungiwa sandukuni. Ilitufikia kwa sababu ilighaniwa, ikanakiliwa, nakala zikatofautiana, na hatimaye wahariri, miongoni mwao William Hichens mwaka wa 1939, wakaichapisha. Kila mnakili aliigusa. Tulichonacho ni kazi ya mikono mingi iliyoijua lugha.

Nyumba ya mawe hudumu kwa njia iliyo karibu na hiyo. Hakuna nyumba ya karne ya 18 ambayo bado ina boriti zake zote za mwanzo na chokaa yake ya kwanza. Kila kizazi kilitoa boriti iliyooza na kutia nyingine, kikapaka upya, kikaongeza wikio juu ya njia ili kuunganisha nyumba ya mama na ya binti. Fundi ndiye mnakili wa nyumba. Ipo tofauti moja tu, lakini ni kubwa: matini ina nakala nyingi, na nyumba ina moja. Mnakili akikosea, tunaweza kulinganisha na nakala nyingine. Fundi akikosea, au akikosekana, hakuna pa kurejea.

Yafuatayo yanatokana na hayo. Kwanza, kinachostahili kulindwa kabla ya ukuta ni ujuzi wa kuutengeneza, na ujuzi huo unakaa katika watu wanaohitaji ujira. Pili, mabadiliko yenyewe si usaliti. Ni historia ya nyumba. Choo kipya, umeme na mfereji wa maji si maadui wa zidaka. Anayemkataza mwenyeji hayo anamfukuza, na tumeona kwamba kumfukuza mwenyeji ndiko kuanguka kwenyewe. Tatu, utamaduni wa pwani unao tayari mfano wa kugawana gharama, nao ni wakfu. Mwenye kuweka wakfu huifunga mali isiuzwe, na mapato yake yakaenda kwa msikiti, maskini au kizazi chake. Nyuma ya desturi hiyo kuna wazo kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba bila ya kuwa nayo kwa ajili yake peke yake, na kwamba nyumba ya namna hiyo lazima iwe na kitu cha kuilisha. Wahifadhi wa leo wamechukua nusu ya kwanza ya wazo hilo, yaani kufunga, na wameisahau nusu ya pili, yaani kulisha.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba wajibu wa kuhifadhi majengo ya kale upo, lakini si wajibu wa mawe kwa ajili ya mawe. Ni wajibu wa kuwawezesha watu wakae, watengeneze na wabadilishe kwa mkono unaojua. Wenyeji wa Lamu waliokwenda mahakamani kuitetea bahari pamoja na mji walilielewa jambo hili vizuri kuliko wengi wetu. Ujenzi mpya unastahili kupingwa pale unapowaondoa. Na uhifadhi nao unastahili kupingwa kwa sababu hiyo hiyo.

Idara za fasihi hazina fedha za kununua boriti. Lakini hazikosi la kufanya. Zinaweza kuwapeleka wanafunzi wakarekodi majina ya sehemu za nyumba kutoka kwa mafundi na kina mama wanaoyatumia, na kuacha nakala mjini badala ya kuzibeba zote Nairobi. Zinaweza kushuhudia, pale sheria zinapotungwa, kwamba mwenye nyumba anayetwikwa mzigo wa umma anastahili msaada wa umma, hata kama ni nafuu ya kodi tu. Na zinaweza kufundisha Al-Inkishafi pamoja na swali la nani alilala chumba cha chini.

Hata tukiyafanya hayo yote, zitakuwako nyumba ambazo hazitaokolewa. Warithi watauza, boriti zitaanguka, zege litamwagwa. Kwa nyumba hizo limebaki jambo moja tu, nalo ndilo alilolifanya Sayyid Abdalla alipokuwa hana uwezo wa kuurudisha mji wa Pate: kuingia ndani kabla ya kuta kwisha, kuvitaja vitu kwa majina yake, na kuuliza waliokuwa humo wako wapi.